Kodi ya Aprili ndiyo inayovunja karakana za wasanii

Kikundi cha wachoraji kikivunjika hapa Arusha, maneno ni yale yale: wasanii hawapatani, kila mtu anajiona bosi. Mwezi huu yamesemwa tena, na yananiudhi kwa sababu si kweli. Edward Saidi Tingatinga alifariki mwaka 1972, na ndugu na wanafunzi wake wakaendelea kuchora pamoja pale Oysterbay, Dar es Salaam, hadi wakaunda ushirika wao mwaka 1990. Wasanii wanapatana. Kinachowatawanya ni kodi ya nyumba, na hasa namna wanavyoichanga.

Karakana nyingi hukua kwa njia moja. Wanaanza wawili watatu kwenye kibaraza cha mtu, kopo moja la rangi nyeupe, marekani imegongwa misumari kwenye fremu za mbao chakavu. Wageni wakizoea kupita, wanapanga nyumba, wanakaribisha wachongaji, na chumba cha mbele kinakuwa duka. Hapo ndipo wanapokubaliana: kodi ni laki nne, tuko wanane, kila mtu elfu hamsini kwa mwezi.

Inaonekana ni haki. Julai na Agosti hakuna anayelalamika. Masika yakiingia, Aprili na Mei, magari ya watalii yameegeshwa, na aliyeuza picha yake ya mwisho Februari anadaiwa elfu hamsini sawasawa na mwenye oda ya hoteli. Akikwama miezi miwili anaitwa mzigo. Deni likifika miezi mitatu anabeba brashi zake na kuondoka. Waliobaki saba sasa ni zaidi ya elfu hamsini na saba kila mmoja, na aliyekuwa anajikongoja anafuata. Nani hapo ana tabia mbaya?

Nyumba ilipwe na picha iliyouzwa. Majirani zetu wa Moshi wanalijua hili tangu KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, ilipoanzishwa mwaka 1933. Ushirika wa kahawa umekuwa na madeni na migogoro yake, sikatai, lakini msingi ni sahihi: ushuru wa chama unakatwa kwenye kahawa iliyouzwa, hautoki mfukoni mwa mkulima ambaye mibuni yake bado ina maua.

Piga hesabu. Kodi laki nne, na umeme, maji na mlinzi laki moja na nusu: kwa mwaka ni 6,600,000. Nyumba ikikata asilimia 25 ya kila mauzo, wanane wanahitaji kuuza 26,400,000 kwa mwaka, yaani wastani wa 275,000 kwa mtu kwa mwezi. Kama hamfiki hapo hata mwaka wenye wageni wengi, nyumba hiyo ni kubwa mno kwenu. Hamieni ndogo mapema.

Ugomvi hujificha kwenye kamisheni ya dereva anayeleta wageni. Ikatwe kwanza, kabla ya mgao; yale mauzo ya 275,000 ni baada ya kuitoa. Picha ya laki mbili, dereva asilimia 20, inabaki 160,000. Nyumba 40,000, mchoraji 120,000. Nyuma ya kila picha iandikwe namba, herufi za mchoraji, ukubwa na bei ya mwisho, na namba hiyo hiyo iingie kwenye kaunta buku siku inapotundikwa, si siku inapouzwa. Picha iliyochorwa humo ikauzwa kwa simu nayo ilipe. Bila hilo, wenye wateja wazuri watamalizia biashara WhatsApp na nyumba itabaki na picha zisizotoka.

Najua jibu: anayeuza sana anawabeba wavivu. Kuna ukweli kidogo. Basi wekeni kikomo: asilipe zaidi ya mara mbili ya fungu lake gharama zikigawanywa sawa kwa wanane, hapo ni 1,650,000 kwa mwaka, na anayepitisha mwaka mzima bila mauzo aachie nafasi.

Mengine ni ya nidhamu tu. Wachongaji wakae nje, upande unakoelekea upepo, kwa sababu vumbi la mpingo likitua kwenye rangi ya mafuta mbichi halifutiki; unasubiri ikauke, unapiga msasa, unapaka upya. Mgeni asikunjiwe picha ambayo bado inanata, na ikikunjwa rangi itazame nje, juu ya bomba la inchi nne, vinginevyo inapasuka. Na mwenzako akiuza picha ya kisu, yaani iliyopakwa rangi kwa kisu badala ya brashi, ya tembo chini ya Kilimanjaro, usitundike ya kwako kama hiyo wiki inayofuata. Hilo linaua duka polepole kuliko kodi, lakini linaua.

Mwenye nyumba akitaka miezi sita mbele, na wengi wanataka, jadilini tarehe kabla hamjajadili bei. Malipo yaangukie Agosti na Februari, fedha za wageni zikiwa bado kwenye akaunti ya kikundi. Mkataba unaodai kodi Aprili msiusaini, hata nyumba iwe nzuri kiasi gani.