Bibi mbili

Jamani, kabla hamjaendelea kuforwadi ile klipu ya rumeti wangu naomba na mimi nisikilizwe. Kwanza kaikata. Kaanzia pale nimeshashika maiki, kwa hiyo mtu akiangalia anaona kama nilijipeleka mwenyewe mbele za watu. Sikujipeleka. Nilipelekwa na mkono, na mkono ulipelekwa na neno moja tu, chuo.

Iko hivi. Siku ya Sabasaba, nusu ya hosteli wameenda Maonesho Kilwa Road, mimi nauli nikipata kiingilio sina, umeme umekatika tangu asubuhi na simu ina asilimia nne. Penye jenereta ni laibrari peke yake, na ukumbi wa juu kulikuwa na mhadhara wa wazi, Siku ya Kiswahili Duniani. Soketi nzima iko mstari wa mbele, pembeni ya wazee wa kanzu. Nikakaa, nikachomeka. (Mnaosema nilifuata sambusa, sambusa niliziona baadaye kabisa, na wala sikuzila, mtaona kwa nini.)

Mtoa mada ni profesa, mama wa mwambao, anaongea taratibu kama anakumiminia kahawa. Mwanzoni nilimsikiliza, wallahi. Kasema kwa nini UNESCO mwaka 2021 waliichagua tarehe 7 Julai, ni kumbukumbu ya TANU 1954 na kazi iliyofanywa na Kiswahili kwenye kudai uhuru. Akaja kwenye barua zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711, Kiswahili kitupu kwa herufi za Kiarabu, leo ziko Goa huko India. Hapo hata mimi nilishtuka, 1711! Nikawa naijenga picha ya mtu amekaa barazani Kilwa anaandika barua, halafu simu ikafika asilimia ishirini na WhatsApp ikaanza kumwaga meseji za siku nzima. Nikainama.

Nilipoinuka nikasikia tu, "Haya, nani hapa amesoma chuo?"

Sasa niambieni nyinyi. Mtu yuko mwaka wa tatu, ada anadaiwa, anaulizwa nani amesoma chuo. Nikanyoosha mkono juu kabisa! Nikageuka nyuma niwaone wenzangu, ukumbi mzima mkono ni mmoja. Nikajisemea hawa wanaogopa nini, labda kuna fulana zinagawiwa.

Kumbe wakati mimi nimeinama mama wa watu alikuwa anaeleza watoto wa pwani zamani walivyojifunzia herufi chuoni, na chuo kwao ni madrasa. Madrasa na mimi tuliachana kwenye Juzuu Amma, nikafuata mpira.

"Njoo mwanangu, tusomee huu mstari." Akasema kautunga mwenyewe, kwa mtindo wa barua za wafanyabiashara wa zamani. Nikapewa maiki. Kwenye projekta mstari mmoja, herufi kubwa, irabu zote zimewekwa, nikaona mbona rahisi. Nikaanza kushoto. "Huku, mwanangu," akanielekeza kulia. Kicheko cha kwanza hicho, kidogo, cha upendo.

Ni. Me. Ku. Le. Te. A. Nimekuletea! Watu wakapiga makofi, na hayo makofi ndiyo yaliyoniua, maana kichwa kilivimba hapo hapo. Neno la pili. Be, irabu ya chini. Be tena, irabu ya chini. Nikakumbuka alifu, be, te zangu zote, nikavuta pumzi, nikaisogeza maiki mdomoni.

"BIBI."

La tatu sikulisoma hata, nililibashiri. "Nimekuletea bibi mbili!"

Kimya. Ile feni ya juu nilikuwa naisikia. Profesa akauliza kwa upole, "Una hakika ni bibi?" Hapo mtu mwenye akili angerudisha maiki. Mimi nikasema, "Ndiyo Profesa, wafanyabiashara wa zamani walikuwa wanaoa wengi." Mzee wa kanzu, jirani yangu wa soketi, akasimama. "Kijana, bibi mbili au bibi wawili?" Nikapaniki nikamjibu kwenye maiki, "Shikamoo mzee." Akaitikia marahaba, akabaki amesimama, anasubiri jibu lake. Nikasema, naapa nilisema hivi, "Kwa lahaja ya wakati ule ilikuwa mbili."

Ukumbi ukapasuka. Mkutubi aliyekuwa anazima watu kwa kidole mdomoni naye kajifunika kwa ratiba. Profesa akafuta machozi, akaeleza kwamba maandishi yale ya zamani herufi be ilibeba b, p na mb, na irabu ya chini inasomeka i na inasomeka e, kwa hiyo be mbili zile zinaweza kuwa bibi na zinaweza kuwa pembe, msomaji ndiye anayeamua kwa kuangalia maneno ya jirani. Pembe mbili! Pembe za ndovu! "Na kwenye mbili umeiweka mb mwenyewe, mwanangu, kule ulimnyima nani?" Akasema kanisubiri mimi tangu asubuhi, maana bila mtu wa kukosea somo lingekuwa kavu.

Nikachomoa chaja, nikapita mlango wa nyuma, sambusa nikazipita hivi hivi, jioni klipu iko kwenye grupu la darasa, usiku iko hosteli ya wasichana, basi.

Leo asubuhi nimeenda kwa mama ntilie pale getini, kaniangalia, kaacha upawa kwenye sufuria. "Mwanangu, leo chapati wawili?"

Nimekula wawili.