Feri mara mbili kwa vidonge vya siku 14

Jumatatu mamangu aliswali alfajiri, akavaa buibui, akatia kitabu chake cha kliniki kwenye mfuko wa nailoni, akashuka feri. Anakaa Likoni, kliniki yake ya presha iko ng'ambo, kisiwani Mombasa. Saa moja yuko kwenye benchi. Saa sita na nusu ndipo alipomwona dakta. Akapimwa. "Uko sawa, mama, endelea na dawa zile zile." Kwenye dirisha la dawa akapewa vidonge vya siku 14. Vingine akanunue nje.

Sasa nauliza, na nisijibiwe kwa semina za hoteli za Nyali: mtu ambaye presha yake imetulia huu mwaka wa tatu, dawa haijabadilika, anaitwa kila mwezi kufanya nini? Wenzetu wa ARV, dawa za virusi vya UKIMWI, walio imara wanapewa dawa za miezi mitatu, na miaka sasa. Nchi ni hii hii, wauguzi ni hawa hawa. Kumbe inawezekana! Tofauti ni kwamba zile dawa kwa muda mrefu zililipiwa na wafadhili, wakataka kujua kila kidonge kimeenda wapi. Za presha hana wa kuziulizia ila mamangu, naye ni mpole.

Haya, SHA, hii mamlaka mpya ya bima ya afya. Tangu Oktoba 2024, bima ya zamani, NHIF, ilipoondoka, tunaambiwa dispensari ni bure, serikali inalipa. Nakubali, shingo upande, kwamba wazo si baya. Ile asilimia 2.75 ya mshahara wangu nayo inakatwa bila kupanga foleni wala sistimu kuwa chini. Lakini dispensari ya mtaani kwetu, mwendo wa dakika kumi kwa mguu, ina muuguzi, ina mashine ya kupimia presha. Dawa ndiyo haina. Kuna na yule dada mhudumu wa afya ya jamii, mwenye ule mkoba wa vifaa waliogawiwa 2023. Anakuja mpaka barazani, anampima mamangu, anaandika kwenye simu. Halafu anamwambia aende wapi? Avuke feri.

Pelekeni dawa Likoni. Basi. Mwenye presha iliyotulia apewe za miezi mitatu pale pale, dakta abaki na waliozidiwa.

Presha haina maumivu, ndiyo ubaya wake. Mtu akikosa dawa hahisi kitu, mpaka siku mdomo unapokwenda upande.

Juzi nimefungua mkebe wa halwa alimoweka vidonge vyake. Vimebaki vingi kuliko hesabu yangu. Nikamuuliza, mama, leo umemeza?

"Leo si zamu," akasema, akaendelea kuchambua mchicha wake. "Nameza siku moja, naruka moja. Vifike tarehe ya kliniki."