Mto wa hifadhi ukipata joto: tuuguse au tuuache?

Mto uliotangazwa kuwa hifadhi una mpaka kwenye ramani, lakini joto halitambui mpaka huo. Theluji ya milimani inayeyuka mapema, mvua inakuja kwa kishindo kisha inakata, na maji ya kiangazi yanapungua huku yakizidi kuwa vuguvugu. Hapo ndipo wahifadhi wanapogawanyika. Wapo wanaotaka mto usaidiwe kuhimili hali hiyo, na wapo wanaosema kazi ya hifadhi ni kuuacha mto ujiendee.

Hawa wa pili wasipuuzwe. Ulinzi wa mito ulizaliwa kwa kuzuia mikono ya watu: sheria ya Marekani ya mwaka 1968 ilikusudia mito iliyoteuliwa itiririke bila kizuizi, na Albania ilipoufanya mto Vjosa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2023, ushindi wenyewe ulikuwa kuyakataa mabwawa. Tena huko nyuma "kuboresha" maji ya asili kumeacha makovu. Trauti, samaki wa maji baridi, waliopandikizwa katika maziwa ya milima ya Sierra Nevada huko California, ambayo hayakuwahi kuwa na samaki, waliwapukutisha vyura wa huko. Waliowapeleka hawakuwa na nia mbaya. Leo tunaposikia pendekezo la kuhamishia samaki kwenye vijito vya juu vyenye baridi, lazima tuulize watakwenda na magonjwa gani, na ni viumbe gani watakaowakuta kule.

Lakini kuacha nako ni uamuzi, na unaua. Maji ya nyuzi 10 hubeba takriban miligramu 11 za oksijeni kwa lita; yakifika nyuzi 25 hubeba kama 8 tu. Samaki wa maji baridi anabanwa pande zote mbili, kwa sababu joto linaufanya mwili wake udai oksijeni zaidi wakati maji yanampa kidogo. Utamwona amejibanza pale chemchemi inapochuruzikia mtoni, matamvua yakipwita haraka haraka, hathubutu kusogea mita chache kufuata chakula. Mwaka 2015, katika mto Columbia wa Amerika Kaskazini na matawi yake, samoni wekundu, samaki wanaopanda kutoka baharini kutaga mitoni, wapatao laki mbili na nusu walikufa kwa joto la maji. Na joto hili chanzo chake ni sisi. Anayesema tusiuguse mto amechelewa, tumekwisha kuugusa kupitia angani.

Kwa hiyo mimi niko upande wa kusaidia, ila naogopa aina moja ya msaada: ule unaoufanya mto uishi kwa mashine. Bwawa la Shasta, California, liliwekewa mwaka 1997 milango ya kuchota maji kutoka vina mbalimbali, ili samoni wanaolindwa kisheria wapate maji baridi ya kutagia. Ni ufundi mzuri, na umeokoa mayai mengi. Ukame wa 2014 na 2015 ulipokuja, hata hivyo, akiba ya baridi iliisha, na karibu mayai na vifaranga wote wa miaka hiyo wakafa chini ya kokoto.

Linganisha na mto Elwha, jimbo la Washington nchini Marekani, ambao sehemu kubwa ya bonde lake imo ndani ya hifadhi ya taifa ya Olympic. Kwa zaidi ya miaka 70 hifadhi ilikuwepo huku samoni wakigonga ukuta wa bwawa kilomita 8 tu kutoka baharini. Mabwawa mawili yakabomolewa kati ya 2011 na 2014, mchanga uliokwama ukashuka hadi kujenga ufuo mpya mdomoni mwa mto, na samaki wakapata tena njia ya kupanda kwenye matawi ya juu yenye baridi. Njia ikiwa wazi, samaki hupanda wenyewe. Uskoti nako, kando ya mto Dee, wanapanda miti ili kivuli kirudi kwenye maji. Itachukua miongo, na kwenye mto mpana kivuli hakifiki katikati, lakini mti hauhitaji mwendeshaji.

Ugumu mkubwa, kwa maoni yangu, uko upande wa juu wa mto, kabla haujafika hifadhini, kwenye mifereji ya mashamba. Sheria ya maji ya Afrika Kusini ya mwaka 1998 inataka maji ya mahitaji ya msingi ya watu na ya mto wenyewe yatengwe kwanza, kabla ya kugawia mashamba na viwanda. Naiunga mkono, lakini nisijifanye haina maumivu. Mwaka wa ukame, mkulima anayaona maji yakipita kando ya mazao yanayonyauka, yakielekea kwa samaki asiyemjua. Fedha za kuhimili tabianchi zianzie kwake: mfereji usiovujisha, mbegu inayokomaa mapema, fidia ya msimu anaofunga lango la mfereji wake. Kuhamisha samaki kwa ndoo ningekukubali pale tu lango hilo likishafungwa na maji bado yakawa na joto.