Msituchagulie Shujaa kwa Mtandio Wake

Kuna picha mbili zinazunguka tena kwenye makundi ya WhatsApp ya kwetu, zimeunganishwa ubavu kwa ubavu. Kushoto Alaa Salah wa Sudan juu ya gari, tobe jeupe (vazi lao refu la kujitanda), hereni za dhahabu, kidole hewani. Kulia wasichana wa Iran wanachoma mitandio barabarani. Chini yake herufi kubwa: MWENYE STARA NA ASIYE NA STARA. Aliyeituma kwenye kundi la ukoo wetu ni mjomba wangu, mtu mzima ninayemheshimu, na chai yangu haijapoa tayari mashallah zimejaa skrini nzima.

Sikumjibu kule. Mjomba hajibiwi mbele ya watoto. Najibu hapa.

Hivi waliotengeneza picha hiyo wanajua Alaa alikuwa anapinga nini? Ilikuwa Aprili 2019, Khartoum, mbele ya makao makuu ya jeshi, na waliokusanyika pale walimtaka rais wao, Omar al-Bashir, aondoke. Bashir huyo ndiye aliyekuwa na polisi wa kukagua nguo za wanawake. Kifungu cha 152 cha sheria yao ya jinai ya 1991 kilisema vazi lisilo la heshima adhabu yake ni viboko, hadi 40. Na heshima ya vazi anaipima nani? Askari, kwa macho yake, palepale alipokukuta.

Muulizeni Lubna Hussein, mwandishi wa habari. Mwaka 2009 alikamatwa mgahawani Khartoum pamoja na wanawake wengine kwa kosa la kuvaa suruali. Suruali! Na mtandio kichwani alikuwa nao. Baadhi ya wenzake walikubali viboko 10 yaishe, warudi makwao. Lubna alikuwa akifanya kazi kwenye ofisi ya Umoja wa Mataifa, kinga anayo, angeweza kuondoka zake. Akaacha kazi ili ashitakiwe, kisha akasambaza kadi za mwaliko watu waje kusikiliza kesi yake kama wanaokuja harusini. Akatozwa faini, akakataa kulipa, akalala gerezani mpaka chama cha waandishi kikamlipia bila yeye kutaka.

Sasa mnamchukua msichana aliyesimama dhidi ya serikali hiyo, mnamgeuza fimbo ya kuwachapia wanawake wengine kwa sababu ya nguo. Askari wa Bashir wangewashukuru sana.

Na lile tobe jeupe halikuwa hotuba ya stara. Ndilo vazi la walimu na makarani wa kike wa Sudan kwa vizazi, na waliolivaa siku zile walijua wanawakumbuka mama na bibi zao walioingia barabarani 1964 na 1985 kuziangusha serikali za kijeshi. Ninachotamani kingesambazwa ni sauti, si picha. Maandamano yale yalianza saa saba mchana, na ishara yake ilikuwa vigelegele. Anapiga mmoja, anaitikiwa kona ya pili, watu wanamiminika kutoka vichochoroni. Vigelegele hivi hivi vyetu vya harusini! Kulikuwa hata na kundi la Facebook la wanawake watupu, lililoanza kwa umbea wa wachumba, nani kaoa kimyakimya, nani mhuni. Mapinduzi yalipoanza wakatumia ujuzi uleule kuwaanika maofisa wa usalama waliokuwa wakiwapiga watu. Nani kasema umbea hauna faida.

Yemen nako rais Ali Abdullah Saleh, alipobanwa na waandamanaji Aprili 2011, ghafla akawa mufti: wanaume na wanawake kuchanganyika kwenye maandamano ni haramu. Kesho yake wanawake wakajaa Sana'a kwa maelfu, wengi na nikabu zao. Miaka zaidi ya 30 madarakani, mchanganyiko amekuja kuuona siku wanawake walipomwambia aende.

Nikubali jambo moja, shingo upande. Mtandio ukichomwa na mimi unaniuma. Navaa hijabu na sina mpango wa kuivua. Najua pia kuna magazeti ya Ulaya yasiyomwona mwanamke wa Kiislamu mpaka avue, na Ufaransa inayowarudisha wasichana nyumbani kutoka shuleni kwa sababu ya abaya haina ubavu wa kumfundisha mtu uhuru. Haya.

Lakini Iran mnaianzia mwisho. Mwaka 1936 mfalme wao, Reza Shah, alipiga marufuku shungi, na askari wakawavua wanawake barabarani. Mwaka 1978 wanawake ambao hawakuwahi kuvaa chador, lile buibui lao, waliivaa makusudi, waandamane dhidi ya mwanawe aliyerithi ufalme. Machi 1979, wiki chache tu baada ya mapinduzi kushinda, kiongozi wake Khomeini akataka wafunike vichwa kazini, na tarehe 8 wakaingia barabarani tena. Bibi kavuliwa kwa nguvu, mjukuu kavalishwa kwa nguvu. Halafu Septemba 2022 Mahsa Amini, miaka 22, anakamatwa Tehran na polisi wa maadili, siku tatu baadaye amekufa. Mnataka wenzake wafanye nini, wapige pasi mitandio?

Kinachonikera zaidi ni kwamba nguo inajadiliwa kwa ari kubwa, kiti hakijadiliwi kabisa. Agosti 2019, baada ya Bashir kuangushwa, Sudan iliunda Baraza la Utawala la watu 11 kuongoza nchi. Wanawake wawili. Kwenye bunge waliahidiwa asilimia 40, na bunge lenyewe lilikuwa bado halijaundwa majenerali walipopindua serikali Oktoba 2021. Alaa mwenyewe alikwenda mbele ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa Oktoba 2019 kulalamika kwamba wanawake waliobeba mapinduzi wameachwa nje. Hiyo sijaona mtu akiiwekea mashallah.

Aprili 2023 jeshi na RSF, kikosi cha wanamgambo kilichokuwa mshirika wake, wakaanza kupigana, wakaibomoa Khartoum na Darfur. Wanawake wako kwenye majiko ya mitaa wanapikia waliokimbia makwao, wengine wamebakwa, wengine wako kambini Chad. Mei mwaka ule mazungumzo yalifunguliwa Jeddah. Waliokaa mezani walikuwa wajumbe wa pande mbili zenye bunduki.