Babu Anaongea, Bibi Anasikika

Aliyetaka video ni baba mkubwa wa Dar. Alisema historia yote ya ukoo iko kichwani mwa Babu, na kichwa chenyewe kinazeeka, kwa hiyo mimi niliyeko Mtwara mjini na kamera niende Mikindani nikamrekodi kabla hajaanza kuchanganya majina. Hela ya nauli akatuma kwa simu. Ya kazi akasema tutaongea. Wenye ndugu mnaijua hiyo "tutaongea".

Kamera yangu ni Canon 550D, zile zilizotoka mwaka 2010. Picha haina ubaya, ugonjwa wake ni sauti. Tundu la maiki inalo, la hedfoni haina, na kiwango cha sauti inajipangia yenyewe: mtu akipaza, inashusha, akinyamaza, inapandisha kwenda kutafuta chochote cha kusikia. Sasa Babu ni mtu wa vituo. Atasema "Mwaka ule...", kisha anyamaze aitazame bahari. Katika kimya hicho kamera hupandisha mpaka unasikia kama samaki wanakaangwa, na kikaango hakuna. Mdogo wake 550D, yaani 600D ya mwaka 2011, sauti unampangia mwenyewe kwa mkono. Mimi nina huyu mkubwa mkaidi.

Nikaazima kinasa sauti, Zoom H1, kitu chepesi cha kuenea kiganjani. Mgongoni kina swichi ya kupunguza mivumo mizito na nyingine ya kukizuia kisijipangie sauti kama kamera. Nikakiweka kwenye kilohezi 48, yaani kasi ya kupima sauti, sawa na kamera. Kazi yake nyepesi: kamera inachukua picha na sauti yake mbovu, kinasa kinachukua sauti safi. Mwanzoni unapiga kofi moja mbele ya lenzi, na ukirudi nyumbani unaoanisha kofi la huku na kofi la kule, basi. Nasema tena: kofi moja.

Ilikuwa Julai, kusi limeshika. Babu kaketi barazani, kanzu imenyooshwa, kofia kichwani, bakora katikati ya magoti. Nawasha kinasa, kimya. Betri imekufa. Kinatumia betri moja tu, ile ndogo ya saa ya ukutani, na Bibi wala hakumwuliza mtu. Aliingia sebuleni akatoka nayo.

"Shika, mume wangu. Muda tunao."

Saa ikabaki imesimama saa nne kasorobo. Hakuna aliyemwambia Babu.

Kinasa nikakivisha kofia yake ya manyoya, ile ya kuzuia upepo. Babu akaitazama kwa muda.

"Mume mwenzangu, hicho umekinasa wapi?"

Paka wa pale hakuuliza. Niliinama kukaza stendi ya kamera, nikiinuka kofia iko mdomoni mwake na yeye yuko juu ya ukuta wa jirani, ananitazama kwa dharau. Tulimbembeleza kwa kichwa cha dagaa. Akaja, akala dagaa, akarudi kwenye kofia.

Bila manyoya, kusi likipiga kwenye maiki husikii mtu, unasikia tanga la dau. Ikabidi nitafute mahali palipokingwa. Nyuma ya Babu palikuwa na dirisha dogo lenye kizingiti kizuri, upepo haufiki kabisa. Nikakiweka hapo. Lilikuwa dirisha la jikoni.

Nikavaa hedfoni ili nisikie kinachoingia. Babu akakatiza maneno.

"Mimi naongea, wewe unaziba masikio?"

"Babu, hizi ndizo zinazonisaidia kukusikia."

"Niko hatua mbili kutoka kwako. Vua."

Nikavua. Wewe ungefanyaje?

Nikapiga kofi langu. Watoto wa mtaa mzima, waliokuwa wamejipanga ukutani, wakadhani sherehe imefunguliwa. Wakapiga makofi. Mama mmoja aliyekuwa anapita na ndoo akatia kigelegele, hajui cha nini. Babu akainua mkono kuitikia na historia ya ukoo ikaanza: babu wa babu yake ndiye aliyempokea Livingstone aliposhukia hapa Mikindani mwaka 1866.

Sasa 550D ina jambo jingine. Faili moja la video halizidi gigabaiti 4, ambazo kwa picha ya ubora wa juu ni kama dakika 12 hivi. Zikifika, kamera inaacha kurekodi yenyewe, hata kama Livingstone bado yuko majini. Babu akiniona nainama kubonyeza anauliza, "Imekatika?"

"Imekatika kidogo, Babu. Endelea tu."

"Turudi mwanzo. Watu wa Dar wasije wakasikia katikati."

Kofi. Makofi. Kigelegele. Livingstone anashuka upya, na safari hii mizigo imeongezeka.

Ikawa hivyo asubuhi yote. Nikimwambia tupumzike, anageuza shingo kuchungulia saa sebuleni. "Saa nne kasorobo hii, haraka ya nini?" Baadaye akachungulia tena, akatabasamu. "Leo siku ina baraka." Jua limetufika utosini, njaa inaniuma, na Babu ana nguvu za mtu aliyetoka kunywa chai sasa hivi. Mara msikitini adhana ya adhuhuri.

Babu akashika ndevu. "Huyu mwadhini leo kapatwa na nini?"

Usiku nikakaa na kompyuta. Kutafuta kofi langu katikati ya makofi yale ni kazi ya kumpa adui. Kipande kimoja nikakioanisha kwa adhana, kingine kwa jogoo, kingine kwa bodaboda iliyopita bila ekzosi. Kisha nikafungua sauti safi ya kinasa, nisikilize.

Krrr. Krrr. Krrr. Mtu anakuna nazi. Mbuzi ya nazi ya Bibi ilikuwa chini ya dirisha lile lile. Na juu ya krrr, safi kabisa, hakuna upepo wala mchirizo, sauti ya Bibi akiongea na binti wa jirani. Babu anasikika kwa mbali, kisogo kikiwa kimekielekea kinasa.

Babu: "...akampokea Livingstone kwa mikono miwili."

Bibi: "Ukoo wao umeteremka kutoka Newala kufuata kazi ya mkonge. Livingstone walimsikia shuleni."

Babu: "Na mimi nikaliendesha lile garimoshi la Nachingwea."

Hilo ni lile lililojengwa kwa ajili ya mpango wa karanga wa Waingereza miaka ya 1940, karanga zikagoma kuota, na baada ya uhuru reli ikang'olewa.

Bibi: "Alikuwa anauza mihogo stesheni. Tena kwa mkopo."

Babu: "Nikamtolea mahari ambayo Mikindani haijapata kuiona."

Krrr zikasimama. Bibi: "Hata mimi sijaiona. Nusu bado naidai."

Na kwa kuwa Babu alirudi mwanzo kila kamera ilipokata, Bibi naye alipata nafasi ya kurekebisha kila mara, kwa ushahidi mpya. Mpaka adhana, mihogo ilikuwa imetajiwa bei.

Nilijaribu sauti ya kamera: upepo, samaki wa kukaanga, Babu kwa vipande. Baba mkubwa alikuwa anapiga simu kila jioni, nikamtumia ile safi. Hakujibu kwa muda. Kisha nikaona ameirusha kwenye grupu la ukoo, na mashangazi wa Masasi wanauliza sehemu ya pili ya Bibi inatoka lini.

Babu aliiona siku ya Idi, nyumba imejaa. Alikaa mbele ya televisheni, bakora katikati ya magoti, akajitazama akifumbua mdomo.

"Mbona mdomo wangu," akasema, "sauti ya mke wangu?"

Hakuna aliyethubutu kucheka kabla yake, naye hakucheka. Alitoa amri: tunarekodi upya. Nazi inunuliwe imeshakunwa. Paka afungiwe. Saa iachwe na betri yake. Na Bibi siku hiyo aende Shangani kwa dada yake, asubuhi mpaka magharibi.

Bibi alikuwa anagawa pilau. Hakugeuka.

"Nitakwenda," alisema. "Ila hicho kinasa, mume wangu, nifungie kwenye kanga, nikirudi nakuletea."