Kabla ya kununua bati za banda la ng'ombe

Baba mdogo anafuga ng'ombe watatu wa maziwa kwenye kihamba chake, yaani shamba la nyumbani, huko Machame, Kilimanjaro, na mwaka huu amekusudia kujenga banda jipya la ng'ombe sita. Wanawe wamekataa. Wanasema la zamani linatosha, pesa hiyo ikafufue kahawa. Nimelikagua banda hilo, na sidhani kama kuna aliyekosea moja kwa moja.

Sakafu ni ya udongo, malalo, yaani sehemu kavu ya kila ng'ombe kulala, hakuna, na masika yakikolea mkojo na samadi hukosa pa kwenda. Nilimkuta chotara mmoja wa Friesian amesimama, mguu wa nyuma ameunyanyua kidogo, tope limemganda hadi kwenye kiwele. Ng'ombe wa maziwa anahitaji kulala jumla ya saa 10 hadi 14 kwa siku. Akilala, damu hupita kwa wingi kwenye kiwele, naye hucheua kwa utulivu. Akikosa pakavu husimama tu, kwato zinaoza, na chuchu zenye tope hualika ugonjwa wa kiwele. Akichomwa sindano ya antibiotiki, maziwa yake humwagwa siku kadhaa kwa sababu yana dawa. Hasara hiyo haina risiti, ndiyo maana vijana hawaioni. Kwa hiyo hata asipoongeza ndama mmoja, baba mdogo anahitaji banda: sakafu ya zege yenye mwinamo, malalo ya mita 1.2 kwa 2.1, na mfereji wa kupeleka mkojo migombani.

Na hiyo kahawa wanayoitetea inaishi kwa samadi. Ikirundikwa nje, mvua huiosha na nguvu yake nyingi ikaishia korongoni. Shimo lenye paa ni sehemu ya banda, na ni faida ya kahawa pia.

Lakini kwa nini sita? Hapo nasimama na vijana. Ng'ombe mmoja mkubwa hula kama kilo 70 za mabingobingo mabichi, yale majani marefu ya malisho, kwa siku. Sita ni zaidi ya kilo 400, kila siku, Jumapili na sikukuu. Kihamba kimejaa migomba na kahawa. Majani hukatwa kingoni na mengine hutoka tambarare, na kiangazi hununuliwa mabua ya mahindi. Anayebeba mzigo huo kichwani ni mama mdogo. Kwenye kikao cha familia walizungumza bati, mbao na saruji, na yeye hakuulizwa neno.

Ningejenga la watatu, na chumba cha ndama, nikiacha upande mmoja bila ukuta ili nguzo ziweze kuongezwa. Mabingobingo yapandwe sasa kwenye kingo zote za matuta. Kiangazi kimoja kikipita bila kununua mabua, tuzungumze juu ya ng'ombe wa nne. Na mazungumzo hayo yaanze na mama mdogo, aseme ni mizigo mingapi anaweza kubeba kwa siku.