Usinichafulie Kilemba

Sisi mafundi cherehani tuna sheria yetu ambayo haijaandikwa popote: kitambaa kikibaki ni cha fundi. Mteja akiuliza, unamwambia kimetosha kwa shida, tena ulibanabana. Nimeishi na sheria hiyo miaka tisa kwenye kibaraza changu hapa Mwanga, Kigoma, na haikuwahi kuniangusha mpaka nilipopenda.

Alikuja Jumatatu jioni akitokea Gungu, kabeba pisi mbili za kitenge cha wax. Kijani kibichi, tausi wa njano, kila tausi mkubwa kama sinia. Alisema kimevuka ziwa kutoka Kongo. Pisi moja ni yadi 6, kwa hiyo pale mezani palikuwa na yadi 12 za tausi, na nyuma yao limesimama tabasamu ambalo sikuwa na futi ya kulipimia.

"Fundi wangu, nisaidie."

Najua mtasema "fundi wangu" ni neno la kila mtu. Kweli. Hata mama muuza dagaa wa hapo jirani, mwenye sauti ya kusimamisha treni, ananiita fundi wangu. Lakini huyu alilivuta. Fundi waaangu. Mkono ukaacha gurudumu la cherehani, uzi ukakatika.

Kazi ilikuwa hivi: gauni lake refu la kumwagika, yadi 5, sketi na blauzi ya mama yake, yadi 3, halafu shati moja la kiume.

"La nani hilo?"

"La kaka mmoja hivi."

"Vipimo vyake?"

Akaniangalia kuanzia mabegani, akashuka taratibu mpaka kiunoni. "Kama wewe tu, fundi. Jipime mwenyewe."

Kujipima kifua kwa mikono yako ni kazi ngumu hata siku ambayo moyo umetulia. Siku ile nilipata inchi 38, nikarudia nikapata 41. Nikaandika 40, yaishe.

Kaka mmoja hivi! Mtu mwenye akili zake angeuliza, kaka wa tumbo moja au kaka wa namna gani? Mimi nilichagua wa tumbo moja, kwa sababu ndiye aliyenifaa.

Basi wiki mbili nzima akawa anapita karibu kila jioni. Leo anajaribu gauni, kesho mkono umebana, keshokutwa anataka tu kuona nimefika wapi. Nilimtajia elfu 45 kwa kazi yote. Akacheka, nikashusha hadi elfu 30. Akakaa kwenye kigoda kidogo, nikashusha hadi elfu 15. Fundi viatu wa kibaraza cha pili, ambaye kazi yake nyingine ni kusikiliza ya watu, akaniambia, "Ukishusha tena itabidi umlipe."

Mtu anayeijua Kigoma angeshajiuliza mwezi ulikuwa wapi siku hizo. Dagaa wa ziwa letu huvuliwa usiku wa giza. Wavuvi wanatoka na taa, dagaa wanaufuata mwanga, wavu unawapandisha. Mbalamwezi ikichomoza, taa inakosa kazi, wavuvi wanabaki nchi kavu wanashona nyavu na kukumbuka wachumba zao. Zile wiki mbili zilikuwa za giza. Usiku nilikuwa napanda mlimani kutazama zile taa zilivyotapakaa majini, utadhani kuna mji mwingine huko, nikaona kabisa Mungu kanipambia ziwa kwa ajili ya mapenzi yangu. Kumbe taa mojawapo ilikuwa ya mwenyewe.

Siku ya kuchukua nguo alizikunja vizuri, akazitia kwenye mfuko, halafu akauliza, "Mama anasema kama kuna kipande kimebaki, apate kilemba."

Naapa sikukusudia. Mdomo ulijibu kabla moyo haujaulizwa: "Kimetosha kwa shida, dada. Hata cha leso hakuna."

Wakati huohuo yadi moja na nusu ilikuwa imelala juu ya miguu yangu, chini ya meza, pamoja na vipandevipande.

"Basi si neno," akasema. "Jumapili tuna shughuli ndogo nyumbani. Karibu, fundi. Usikose."

Usikose! Mtu humwambii usikose mtu ambaye akikosa huumii. Hivyo ndivyo nilivyofikiri, na nilifikiri usiku kucha.

Jumamosi nikakesha na cherehani. Hesabu yangu ilikuwa nzuri tu: binti amevaa tausi, mama tausi, kaka tausi. Na mimi nikitokea na tausi, nani atauliza huyu ni nani hapa? Tatizo likawa kitambaa. Kifua kilipata tausi wawili wima, mikono ikapata mikia na mbawa, lakini mgongoni kipande hakikutosha kukatwa kwa kusimama. Kila nilivyokigeuza, tausi alikataa. Mwishowe nikamkata hivyohivyo, kichwa chini miguu juu. Nikajisemea, nitakaa kwenye kiti, mgongo nani atauona.

Jumapili nikafika Gungu na kilo mbili za sukari. Nakuta turubai, viti vimepangwa pande mbili vinatazamana, na harufu ya migebuka kwenye mawese inatoka nyuma ya nyumba. Mlangoni amesimama mama mtu. Sketi na blauzi yangu imemkaa vizuri mno, sijisifu. Kichwani lakini alikuwa na kilemba cha zambarau ambacho hakikujuana na kitu chochote mwilini mwake.

"Shikamoo, mama."

Akaangalia kola yangu. Akashuka na vifungo, kimoja kimoja. "Marahaba," akasema, kwa sauti ya mtu anayehesabu.

Kijana aliyekuwa anapanga wageni aliona sare, hakuuliza, akanikalisha mstari wa mbele. Wageni wa upande wa pili wakaingia, wanaume na wanawake wenye nguo za heshima, kati yao jamaa mmoja mpana kavaa koti zito juani. Nikamhurumia kwa lile joto.

Msemaji wao akasimama. Akasema walikuwa wanapita zao, wakaona ua zuri kwenye bustani ya nyumba hii, kijana wao amelipenda.

Hapo ndipo nilipojua kumbe ni utambulisho, watu wamekuja kuposa. Na nikajua moja kwa moja wanamposa nani: mdogo wake. Yupo mdogo wake, yuko kidato cha tatu. Nikakasirika kwelikweli, kwa niaba ya familia. Mtoto bado anasoma! Nilikuwa natafuta namna ya kusimama nitoe neno kama ndugu wa karibu.

Baba mkubwa wa binti, mzee wa heshima, miwani yake imebaki mfukoni, akauliza, "Na huyo kijana wenu ni yupi?"

"Ni yule aliyevaa sawa na binti yenu," akajibu msemaji.

Binti akatoka ndani. Si mdogo mtu. Ni yeye, na gauni la yadi 5 likifagia sakafu.

Mzee akazungusha macho kwenye mstari wa mbele mpaka yakakutana na tausi. "Haya, simama, kijana, tukuone."

Nikasimama. Mzee akikuambia simama, unasimama. Na nisiwafiche, kuna sauti ndogo ilikuwa inaniambia kwamba pengine alipanga yote haya kimyakimya, lile shati la "kama wewe tu" lilikuwa fumbo, na wale wageni ni ukoo niliotafutiwa ili nisije peke yangu. Akili ya mtu aliyependa haina breki. Vigelegele vikapanda mpaka turubai likatikisika. Kwa muda wa kama kuhesabu kumi hivi, mimi nilikuwa mchumba wa mtu.

"Geuka na huku," akasema mzee, "kina mama nao wakuone."

Nikageuka.

Vigelegele vikakatika katikati, kama umeme. Mtoto mmoja akasema kwa sauti, "Mama, kuku wake kaanguka."

Na kule upande wa wageni jamaa mpana akainuka taratibu, akavua koti. Tausi wake wote walikuwa wima. Nilijua wangekuwa wima, niliwapanga mwenyewe.

MV Liemba, meli yetu, Wajerumani waliizamisha kwa mikono yao wenyewe mwaka 1916, ikaja kuibuliwa 1924. Mimi siku ile niliitamani hiyo miaka minane ya chini ya maji. Ziwa lenye kina cha mita 1,470 liko pale chini, na mimi nimesimama juu ya zulia sina pa kuzama.

"Fundi wangu!" akasema binti, mkono mdomoni, mabega yanatikisika kwa kicheko. Safari hii hakulivuta.

Jamaa akavuka kuja kunipa mkono, mtu mkarimu, mwenye mabega ya kuvuta nyavu. Alipounyosha ule mkono tukasikia wote: kwapa limeachia. Si ajabu, mtu wa inchi 44 amevalishwa kifua changu. Msemaji wao akanitazama, mzee naye akavaa miwani yake na kunitazama. Nikafanya kitu pekee ninachokijua. Sindano yenye uzi huwa haitoki kwenye kola yangu hata nikienda msibani. Nikamshika mkono jamaa, tukaenda nyuma ya nyumba.

Ndivyo nilivyojikuta nimeinama chini ya kwapa la mwanamume niliyekuwa nataka kumpokonya mchumba bila mimi wala yeye kujua, jirani na sufuria ya migebuka, nashona.

"Pole, fundi," ananiambia. "Mimi nilikuwa ziwani, sikupata nafasi ya kuja kupimwa. Yeye akasema usijali, fundi ni saizi yako."

"Amekosea kidogo," nikasema.

"Anakusifu sana. Anasema wewe kwake ni kama kaka."

Kaka mmoja hivi. Nilivuta uzi mpaka jamaa akaguta.

Tuliporudi, shughuli ilikuwa imeendelea vizuri bila mimi, watu wameshafika kwenye chakula. Nilitafuta njia ya kutoroka, lakini mama mtu alikuwa kasimama palepale njiani na sahani mkononi: ugali wa muhogo, na mgebuka mzima unaogelea kwenye mawese mekundu. Kama hujui mawese, yakigusa nguo, hiyo nguo ibadilishie kazi.

"Kaa ule, mwanangu," akaniambia kwa upole mkubwa, akaniwekea sahani mapajani. Kisha akainama kwenye sikio langu. "Ila kula taratibu. Usinichafulie kilemba."

Sijawahi kula samaki kwa adabu kama siku ile. Nilikuwa napeleka mdomo kwa tonge, si tonge kwa mdomo.

Jumatatu asubuhi nilifumua shati lote, nikaunga vipande, nikapiga pasi, nikampelekea. Amekivaa mara nyingi tangu hapo, hata kanisani. Ni kilemba pekee hapa Kigoma chenye matundu sita ya vifungo, na ukiangalia kisogoni utamwona tausi amesimama kwa kichwa. Fundi viatu ananiletea habari kila anapokutana nacho.

Wiki iliyopita wamekuja tena, mama na binti, na kitambaa cha sare za harusi. Binti akanisalimia, akacheka, akaondoka zake kwenda kununua uzi. Mama hakuondoka. Alivuta kile kigoda kidogo, akakiweka mbele ya meza yangu, akatoa futi yake mwenyewe kwenye mkoba, akavaa miwani.

"Haya, kata," akasema. "Mimi nahesabu."